Mbwa wa Mbuzi

Nyanjige alitoka kisimani akakuta zizi la mbuzi li wazi, na mbwa wake Watasema amefungwa kamba kwenye nguzo ya ghala. Alitua mtungi taratibu, maana mwanawe Shija alikuwa mgongoni.

"Mbuzi wako wapi, baba?"

Mzee Mahona, baba mkwe wake, hakuinua macho kutoka kwenye mpini aliokuwa akiuchonga. "Mashimba amewapeleka ng'ambo ya mto, kwa rafiki yangu Nkwabi. Mali haikai zizi moja, mkamwana. Ugonjwa ukiingia hapa, kule watabaki."

"Na Shija atakunywa nini?"

"Ng'ombe watarudi kutoka malisho ya mbali mvua ikinyesha."

"Mvua! Mtoto atasubiri mawingu?"

Homa ilikuwa imemkausha Nyanjige matiti. Maziwa ya wale mbuzi ndiyo yaliyomwinua mwanawe, hata shingo ikaanza kukaza. Desturi ya kuwaweka mifugo kwa watu aliijua. Kwao Bukundi iliwaokoa katika ukame. Lakini kuwapeleka bila mbwa?

"Basi mbwa awafuate."

"Mbwa huyu ni mkali. Atalinda mji wangu huu, nyumba na ghala."

Mkali! Nyanjige aliuma mdomo. Walimcheka wote alipomleta, mtoto wa jike la kienyeji la jirani yake Klementina na dume lenye manyoya marefu la mzungu wa kiwanda cha pamba. Shemeji yake Mashimba aliuliza kama kambwa kale katataka chai na mkate. Nyanjige akakaweka zizini kabla hakajazoea jiko, kalale katikati ya mbuzi, kanywe maziwa yao, kanuke kama wao, jinsi bibi yake alivyomfundisha. Aliwakataza watu wasikabembeleze. Kakiuma masikio ya vitoto vya mbuzi, alikalaza chali mpaka katulie. Kakakua, kakawa dume la kutisha. Fisi walipokuja, liliwafukuza peke yake. Tangu hapo mzee akamwita "mbwa wangu". Hakuelewa kwamba Watasema hakuwa akilinda mji. Alikuwa akilinda ndugu zake.

Usiku ule Watasema hakugusa ugali. Alilia, akaguguna kamba, akalia tena.

Asubuhi Mashimba alirudi, uso umemshuka, akamwamkia mzee. "Mwangaluka, baba. Fisi wameingia kwa Nkwabi. Wamemla yule mweupe mwenye kitoto."

Yule mweupe ndiye aliyekuwa na maziwa kuliko wote.

Mzee Mahona alitema mate. "Fisi wale si wa bure. Wana wenyewe. Nitakwenda kuuliza kwa mganga."

"Uulize nini?" Sauti ilimtoka Nyanjige kabla ya adabu. "Mchawi ni kamba hii, baba! Na aliyeifunga namjua!"

"Shemeji!" Mashimba alishtuka. "Unamwambia nani hivyo?"

"Ninayemwambia amesikia."

Akachukua kisu cha kukatia mboga, akaikata kamba mbele yao. Mzee akasimama, mpini mkononi. "Mwanamke hakati kamba katika mji wangu!"

"Nimekwisha kuikata."

Akajifunga mtoto vizuri akatoka. Watasema alitangulia, pua chini, akakata mchanga wa mto uliokauka bila kugeuka. Walipofika, aliruka ua wa miiba wa Nkwabi, na mbuzi wakamzunguka wakilia, wakimnusa kama aliyerudi kutoka msibani. Nyanjige akaingia akakamua palepale, akamnywesha Shija kwa kibuyu.

"Siwezi kukupa mbuzi bila neno la Mahona," Nkwabi alisema.

"Sikukuomba. Nitakaa hapa."

"Hapa zizini?"

"Hapa. Watu wapite waone mkamwana wa Mahona anavyolala na mbuzi."

Jua lilipoanza kupoa, mzee alitokea, Mashimba nyuma yake. Akasimama mlangoni pa zizi, akapiga mluzi. "Watasema! Njoo, twende mjini kwangu."

Mbwa akajiweka kati yake na mbuzi, akamwonyesha meno. Mzee akarudi hatua, akamtazama sana, kisha akamtazama mjukuu wake, ndevu za povu la maziwa mdomoni, amelala.

"Nkwabi," alisema hatimaye, kwa shida, "wafungulie wote. Waende na mbwa wao."

Nyanjige hakumshukuru. Alitangulia njiani mbele ya wanaume, na mbuzi wakamfuata, mbwa katikati yao. Mashimba alipotaka kuwaswaga kwa fimbo, Nyanjige alimgeukia.

"Fimbo yako iache. Huyu anajua kazi yake."