Masomo ya Kusomewa

Wateja walimwita Profesa, na mwanzoni ilikuwa dhihaka. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, msusi, vidole vimekakamaa kwa rasta za watu, eti anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita! Wapo waliocheka mpaka akawaambia wakae sawa, la sivyo mistari itaenda kombo na lawama abebe yeye.

Lakini jambo hilo lilikuwa na chanzo chake. Alikuwa kidato cha tano, anaongoza darasa zima, mama yake alipoanguka kwa kiharusi. Ndugu walikuja, wakatikisa vichwa, wakala, wakaondoka. Nani abaki na mgonjwa? Mtoto wa kike, nani mwingine! Akafunga madaftari, akajifunza kusuka, akafungua saluni hapo hapo sebuleni ili mama asibaki peke yake chumbani. Pazia tu ndilo lililowatenga. Miaka kumi na sita, jamani, si siku kumi na sita. Mama mwili ulilala upande mmoja lakini ulimi ulibaki mzima, na haukuchoka kusema, "Mwanangu, nimekula maisha yako." Binti alikuwa akijibu, "Mama nawe, acha hayo," ila yalimchoma, kwa kuwa zipo siku ambazo na yeye aliyawaza.

Basi akasikia kwamba chuo cha ualimu kinapokea watu mpaka umri wa miaka thelathini na tano, mradi wawe wamefaulu masomo matatu ya kidato cha sita. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea: Historia, Jiografia na Uchumi. Alijua nafasi ni hiyo moja. Akiikosa, umri umempita.

Sasa asome saa ngapi? Tangu asubuhi mikono imo kichwani mwa mtu, jioni ni kumgeuza mama, kumwogesha, kumlisha. Ndipo akabuni njia yake. Kila mteja akikaa anapewa daftari. "Nisomee, halafu uniulize." Wenye rasta za saa sita waliangukia Historia. Mistari ya haraka haraka ilikuwa Uchumi. Muuza mboga mmoja, msomaji wa kuvuta vuta, akifika kwenye neno gumu alisema, "Hapa pana dude refu, naliruka," naye Profesa analitaja bila kuinua macho. Karani wa posta alikaa kitini vita vya kwanza vya dunia vikaanza, vikaisha, akaondoka na maumivu ya shingo na mikataba yote kichwani.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Yeye alijibu kwa sauti huku vidole vikigawa nywele tatu tatu, jibu na msuko vikienda pamoja. Nyuma ya pazia mama naye alikuwa akifuatilia, na siku nyingine alidakia, "Umeruka sababu ya nne!" Saluni nzima ikavunjika mbavu. Polepole ile dhihaka ikageuka jina la heshima.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuja kusukwa mabutu kila mwisho wa mwezi, alimsikiliza siku moja akatikisa kichwa. "Yote unayajua, binti. Ila unaandika?"

"Mwalimu, nikishajua, kuandika kuna nini?"

"Andika. Kaa peke yako, nyamaza, uandike."

Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyowaitikia watu wazima tusipotaka maneno mengi, akaendelea kusuka. Hapo ndipo alipojikwaa, na wala hakujua.

Siku ya Uchumi alipangiwa kiti cha nyuma kabisa, chini ya feni iliyokuwa ikigongagonga kama fundi bati. Akanong'ona majibu yake, akayaandika, hakuna aliyemsikia. Jiografia vivyo hivyo. Alirudi nyumbani anacheka. "Bado Historia, mama, na hiyo ndiyo yangu."

Siku ya Historia umeme ulikatika. Feni ikasimama, ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikia kalamu za watu. Msimamizi alikuwa mgeni, kijana wa miwani, mkali kama pilipili. Profesa alimaliza swali la kwanza kwa mnong'ono, mara akamwona amesimama mbele yake.

"Dada, funga mdomo. Nikikusikia tena, nakuandikia ripoti."

Akaufunga. Loh! Kumbe ameufunga na vyote vilivyokuwa nyuma yake. Alisoma swali la pili mara tano. Alilijua! Alimkumbuka hata mteja aliyemuuliza, kichwa chake, na mba zake, lakini jibu halikutoka. Saa ya ukutani ilikula nusu saa, ikala nusu saa nyingine. Bila kujijua mikono ikapanda kichwani mwake mwenyewe, vidole vikafumua msuko mmoja nyuma ya sikio, vikaanza kuusuka upya, na sababu ya kwanza ikaja. Ya pili nayo ikawa inakuja.

"Umeficha nini humo?"

Alikuwa yule yule msimamizi. Akajaribu kueleza kwamba yeye ni msusi, kwamba hivyo ndivyo anavyokumbuka, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Nani angeamini? Akapelekwa ofisini, karani wa shule, mama wa makamo, akaamriwa amfumue nywele zote, msuko mmoja mmoja, atafute karatasi.

Na hapo, vidole vya mwenzake vilipoingia kichwani, mdomo ukafunguka. Akajibu swali la pili lote. Akajibu la tatu, la nne, la tano, sababu, tarehe, matokeo, machozi yakimtiririka.

"Shh, dada yangu, nyamaza, utaniponza," karani alimnong'oneza, na yeye machozi yakimlenga. Kisha akamgeukia msimamizi. "Hamna kitu humu, bwana. Nywele tupu."

Kijana akavua miwani, akaifuta, aibu imemjaa. "Samahani, dada. Rudi ukaendelee."

"Utanifidia muda?"

"Muda ni wa taifa zima, si wangu."

Zilibaki dakika tisa. Aliingia ukumbini nywele zimesimama timtim, watu wakamgeukia, akaandika alichoweza, mistari kumi na kidogo, kengele ikalia.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Aliwaomba wateja wasubiri, akaingia nyuma ya pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Uchumi B, mama. Jiografia C."

"Na Historia?"

"F."

Mama alikodoa macho darini. "Soma tena."

"Ni F, mama. Nimefeli. Basi, imekwisha."

"Haiwezekani. Mimi nilikuwa hapa. Nilikusikia miaka miwili, mwanangu. Ulijua yote. Wao walikusikia lini?"

Mama akataka kuinuka, upande mmoja ukahangaika peke yake, mwingine ukalala pale pale ulipo. "Nipeleke huko chuoni. Mimi ni shahidi."

"Mama, hawapokei shahidi."

"Mzazi watampokea."

Alimlaza vizuri, akamfunika miguu, kisha akashindwa kuinuka. Akainamisha kichwa kwenye godoro akalia kwa sauti, bila kujali kwamba saluni imejaa watu na wote wanasikia. Mkono wa mama uliokuwa mzima ukamshika bega, ukalivuta.

"Nibebe, mwanangu. Twende. Nitawaambia mimi."