Halowini Iliyotangazwa Saa ya Vifo

Kathini ndiye aliyeona kwanza kwamba mzee wa meza ya dirishani hakuwa na vumbi kwenye viatu. Ilikuwa saa kumi na nusu, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na mjini Kitui mwezi huo kila mtu huwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mvua ilikuwa haijafika. Mzee alikuwa amevaa suti nyeusi iliyopigwa pasi, na viatu vyake viling'aa kama vimetolewa kwenye boksi siku hiyo. Kathini alimwekea sahani mezani, akamuuliza kama atakunywa chai au juisi.

"Chai," mzee akasema. "Lakini kwanza uniambie. Huu ni mfupa wa nani?"

"Ni biskuti, umau. Ni unga wa ngano na siagi."

"Sasa mbona mmeifanya mfupa?"

"Ni ya Halowini."

Mzee aliichovya kwenye chai, akaila yote, akasema ni tamu, ila watu wa siku hizi wana mambo.

Hoteli hiyo, ambayo pia ilioka mikate na keki, ilikuwa ya Mbithe, dada mkubwa wa marehemu mama yake Kathini. Kathini alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa katika jiko lile tangu akiwa na kumi na mitatu. Wazo la Halowini lililetwa na Yvonne, binti ya Mbithe, aliyekuwa amerudi kutoka chuo kikuu. Nairobi, alisema, mwisho wa Oktoba watu hula keki za malenge, hupakwa nyuso rangi na kutazama sinema za kutisha. Mbithe alikuwa shemasi kanisani na kwanza alikataa. Aliposikia kwamba watu wa ofisi za kaunti wangekuja na watoto wao, alikubali, mradi asisikie mtu akimwita shetani ndani ya hoteli yake.

Basi wiki nzima Kathini alichonga malenge kwa kisu cha kumenyea viazi, akiangalia picha kwenye simu ya Yvonne. Alichonga kumi na moja, yenye macho na meno. Nyama ya ndani aliipika kwa maziwa na iliki, akaoka keki. Mbegu alizikaanga kwa chumvi. Juisi ya ukwaju aliitia rangi nyekundu ikawa damu. Salim, aliyekuwa akikodisha spika na projekta karibu na soko, alitandaza shuka jeupe ukutani.

Kosa lilikuwa la tangazo. Yvonne alitaka lisomwe kwenye redio ya Kikamba, na wiki hiyo nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, Alhamisi jioni, katikati ya matangazo ya vifo. Kila nyumba Ukambani husikiliza saa hiyo, kwa hiyo Yvonne aliona ni bahati. Mtangazaji alilisoma kwa sauti ile ile aliyozoea. Jamaa na marafiki wa mizimu, walio Kitui, Makueni na popote pale, wanaarifiwa kwamba kutakuwa na chakula na burudani kwa Mbithe, Jumamosi kuanzia saa kumi. Mizimu wote waje kama walivyo.

Sasa, hiyo ndiyo saa pekee ambayo wafu husikiliza redio. Hutaka kujua nani anakuja, ili wasogee.

Walikuja mmoja mmoja na wawili wawili, wakisalimia mlangoni. Kufikia saa kumi na moja walikuwa zaidi ya arobaini, na ndio waliokuwa wamevaa vizuri kuliko wote. Wanaume walikuwa na suti walizozikwa nazo, wanawake na vitambaa vyeupe vya kanisa. Suti hizo ni nzuri kwa mbele, lakini nyingi hupasuliwa mgongoni kwa mkasi mochari ili mtu avalishwe kwa urahisi, kwa hiyo waliomba viti vya kuegemea ukuta. Mbithe aliwasogezea. Alitambua watano wa kanisa lake, akawauliza kama huko wanakaa vizuri. Walisema wanakaa vizuri, shida ni joto.

"Kumenyesha?" walimuuliza kila mtu.

"Bado," watu wakawajibu.

"Hata sisi tuliona udongo umekauka."

Watu wa kaunti walifika na watoto waliovikwa mashuka. Bibi mmoja aliyekufa miaka ya tisini alimwita mtoto, akamfunga shuka upya begani, akamwambia hivi hutajikwaa. Ofisa mmoja alimkuta mtu aliyekalia kiti chake cha ofisini kabla yake, akamuuliza funguo za kabati la chini ziko wapi. Aliambiwa. Yvonne alikuwa akiwapaka watu nyuso za mafuvu, na mwanamke mmoja marehemu alijitazama kwenye kioo, akamrudishia.

"Hapa kwenye pua siyo hivi, mwanangu. Lete brashi."

Yvonne alimpa brashi, akajifunza.

Salim alijisifia kazi yake ya projekta na kusema kwamba wafu wa kwao hawangekuja, maana tangazo lilikuwa la Kikamba. Kabla hajamaliza kusema, mjomba wake Hamisi aliingia na kanzu safi.

"Mjomba! Na wewe umealikwa?"

"Nilizaliwa Mwingi kabla hujafikiriwa," Hamisi akasema. "Kikamba nakijua kuliko wewe. Weka sinema, acha maneno."

Sinema ilikuwa ya mtu anayetoka kaburini na kufukuza vijana msituni. Watoto walipiga kelele na kukumbatiana, wakafurahi sana. Wafu walitazama kimya. Mzee wa suti nyeusi alisikitika.

"Lakini kwa nini hakuna hata mmoja anayemsalimia?" akauliza. "Ametoka mbali hivyo."

Kathini alipita na sinia, akiangalia mlango. Kila kiatu kisafi kilipovuka kizingiti, alikiangalia mara mbili. Mama yake, Syokau, alizikwa Kasikeu, na redio ile ilifika mpaka Kasikeu. Kathini alitaka aje. Pia alitaka asije, kwa sababu alijua atakachouliza.

Siku ya mazishi Mbithe alishika udongo mkononi, na mikrofoni ilikuwa karibu, kwa hiyo boma zima lilisikia. "Syokau, nenda salama," alisema. "Huyu mtoto atasoma mpaka vitabu viishe." Kisha alimleta Kathini Kitui, akamwandikisha darasa la sita. Kabla mwaka haujaisha Kathini hakwenda tena. Watu walipouliza, Mbithe aliwaambia kwamba mtoto mwenyewe alikataa shule, na yeye alijaribu hadi akachoka. Aliyasema hayo mbele ya Kathini, naye Kathini akitazama chini alitikisa kichwa kukubali. Wageni walipouliza tena, alitikisa tena. Alikuwa ametikisa kichwa miaka minane. Hakuwa msemaji, na kichwa kilikuwa rahisi kuliko mdomo.

Syokau aliingia saa kumi na mbili na robo, jua likizama. Alikuwa na gauni lake la kijani na kyondo mgongoni. Alikuwa ametembea tangu Alhamisi, akapitia milima ya Kilungu, na kyondo kilikuwa na maparachichi saba.

"Sikuiba," alisema akimpa Kathini. "Mwenye shamba tulikuwa naye njiani."

"Asante, mwaitu."

"Umekuwa mrefu."

Mbithe alitoka nyuma ya kaunta akijifuta mikono, akamkumbatia dada yake. "Syokau! Lakini umepungua."

"Nilipungua hata kabla. Wewe umenenepa."

"Ni Mungu."

"Ni mikate," Syokau akasema, na wote wawili wakacheka, kwa sababu walizoea kutaniana hivyo tangu wakichota maji pamoja.

Alikalishwa karibu na jiko. Alikula keki ya malenge polepole, akifumba macho.

"Nani ameoka?"

"Mimi, mwaitu."

"Umetia iliki."

"Kidogo."

"Mimi singewahi kufikiria." Akaokota makombo kwa kidole. "Na shule ulimaliza lini?"

Kathini alishika sinia kwa mikono miwili. Ukutani yule mtu wa kaburini alikuwa akivunja mlango.

"Huyu?" Mbithe akasema, bila kusita na bila ubaya wowote katika sauti, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. "Huyu shule alikataa mwenyewe. Nilijaribu, dada. Nilibembeleza, niligombana naye. Lakini mtoto akikataa utafanya nini?"

Syokau alimtazama binti yake. "Ni kweli, Kathini?"

Kichwa cha Kathini kilikubali. Hakukiambia kikubali. Kiliinama na kuinuka chenyewe, kama kilivyozoea.

"Basi ni sawa," Syokau akasema, na mabega yake yakashuka. "Hata mimi hesabu zilinishinda. Nilikuwa nikilala nikifikiri labda nilikuacha mahali pabaya. Nikatie kipande kingine."

Kathini alimkatia kikubwa. Syokau alitazama sinema mpaka mwisho na kumhurumia yule mtu wa kaburini aliyefukuzwa arudi kwao. Kisha Yvonne alitangaza mshindi wa vazi bora, akawa mzee wa suti nyeusi. Alipokea boksi la biskuti, akashukuru, akasema suti ilichaguliwa na mke wake na yeye hakuulizwa. Watu walipiga makofi. Yvonne alikuwa ameshaandika kwenye simu kwamba mwaka ujao wafanye tena, na watangaze saa ile ile.

Saa mbili kasoro wafu walianza kuaga, maana walikuwa na safari. Mbithe hakuwa mchoyo wa chakula. Alimfungia kila mmoja kitu cha kubeba, na dada yake alimfungia keki nzima kwenye gazeti, akamwombea mbele ya wote, ombi refu na zuri. Syokau alisema amina.

Mgeni haachwi aende peke yake, kwa hiyo Kathini alivua aproni, akamsindikiza mama yake mpaka njia panda ya kwenda Makueni. Wafu wengine walikuwa mbele wakizungumza juu ya sinema. Boda boda ziliwapisha. Syokau alitembea kama mtu aliyeshiba, akiisifu hoteli, akimsifu Yvonne, akimsifu hata Salim.

"Sasa nitalala vizuri," alisema. "Nilikuwa nageuka geuka, mpaka jirani zangu wakalalamika. Lakini sasa nimeona. Sidhani nitasumbuka kuja tena."

Walifika njia panda. Kathini alikaza mkanda wa kyondo kichwani pa mama yake, keki isibonyee. Alijua Jumatatu itakuwaje. Ataamka saa kumi alfajiri kama siku zote, mkate utaiva saa kumi na mbili, na mteja mpya akiuliza, Aunti atasema alichosema leo, kwa sauti hiyo hiyo. Kusema hakungemrudisha darasani. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na dawati lile lilikuwa limekaliwa na wengine, wakamaliza shule. Na mama yake alikuwa na furaha. Angeweza kumwacha aende nayo mpaka Kasikeu, alale.

Syokau alingoja, kwa sababu mtu anayesindikiza ndiye husema kwaheri kwanza.

"Mwaitu," Kathini akasema, na sauti ikatoka ya kawaida tu, kama anayesema maji yamechemka. "Sikukataa shule. Nilikuwa naipenda. Asubuhi moja niliamka nikakuta sare yangu imekatwa vitambaa vya kushikia sufuria, nikawasha jiko."