Mwenyekiti Hashuki Kitini

Kuku wangu mweusi tulimwita Mwenyekiti kwa sababu akishakalia kitu, hashuki. Mwaka ule alikalia mayai saba, siku ya ishirini na moja ikafika, ikapita, hakuna hata yai moja lililogongwa kutoka ndani. Kosa halikuwa lake. Jogoo pekee wa mtaa mzima alikuwa ameshaingia chunguni kitambo, na yai halina ujanja wa kujitegemea. Nikayatoa yale viza, nikayazika nyuma ya choo huku nimeziba pua, nikadhani shauri limekwisha. Wapi! Mwenyekiti akaendelea kuatamia majani matupu.

Ikafika siku ya thelathini na nne. Nikimnyanyua, mwepesi kama mto uliotolewa pamba. Kilemba chake kimepauka, chenga za mahindi hazitazami, na nikimtoa nje anarudi mbio kiotani kama ameacha maziwa jikoni. Niliwahi kumpoteza mmoja namna hiyo hiyo. Alifia kiotani akiwa amekaa vizuri, na mimi nikawa nampita asubuhi mbili nikimpa salamu.

Dawa ya kuku wa hivyo ni vifaranga, na vifaranga walikuwepo, tena ndani ya nyumba yangu, hatua kumi na mbili kutoka kiotani. Shida ni kwamba walikuwa na mama tayari. Mama mwenyewe ni mume wangu.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mteja mmoja mwenye mashine ya kutotolea vifaranga alipendezwa mno na koti lake, akamzawadia vifaranga tisa wa siku moja. Fundi akawaweka kwenye boksi la vitambaa chini ya meza ya kukatia, akawatundikia balbu, akawa anapima joto kwa mgongo wa mkono kama anavyopima pasi. Kila mara ameinama. Nimemzalia watoto watano, na sikumbuki kumwona akimwinamia hata mmoja mara mbili kwa siku.

"Baba watoto," nikamwambia siku ya pili, "nipe hao wadogo nimpelekee mwenye kazi yake."

"Nani? Yule mchawi wako mweusi? Atawadonoa macho."

"Mwezi na siku zake anasubiri watoto, leo apewe awadonoe?"

"Hawajui hawa. Yeye mweusi tii, wenyewe wa njano. Kuku naye ana macho, mama."

"Mbona mtoto wetu wa tatu alizaliwa hafanani na wewe na hukumdonoa?"

Akakohoa. Akasema mtoto wa tatu amefuata kwa shangazi yake.

Nilikuwa na haraka, wala si ya bure. Kifaranga wa siku ya kwanza na ya pili anampokea mama yeyote mwenye joto. Ikipita ya tatu ameshachagua, ukimpeleka kwa kuku anatoroka kumtafuta aliyemzoea. Na hawa walishaanza kuchagua. Fundi akikanyaga cherehani, wote tisa wananyamaza na kunyoosha shingo. Akisimama kunywa maji, msiba!

Jioni ile nikamkuta miwani iko puani, amepakata kifaranga, anamfunga uzi mwekundu mguuni.

"Sasa hapo unashona nini?"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akanijibu bila kuinua kichwa. "Wakichanganyika na wa jirani, nitawajua."

"Jirani hana kuku. Alibaki jogoo, akaliwa, na supu uliinywa wewe."

"Mimi ni mtu wa alama."

Hilo ni kweli. Mtu huyu hata sahani yake aliwahi kuichora chaki. Akawafunga wote tisa, fundo dogo safi la kifundi, ncha ya uzi ikining'inia kidogo.

Kesho yake nikamwita wifi yangu, dada yake fundi. Ni mkunga mstaafu, mtu wa kuaminika kwa kila jambo isipokuwa kusema kweli.

"Wifi, leo ndiyo leo," nikamnong'oneza. "Wewe mshike kaka yako, mimi nishike watoto."

Akaingia kwa fundi na kanga mbili. "Kaka, nipime gauni barazani, humu ndani sijioni."

Kumpima wifi si kazi ya dakika tano. Fundi akizungusha tepu kiunoni, yeye anavuta pumzi. Akishaandika, anaiachia.

"Dada, mbona ulikuwa themanini, sasa tisini na mbili?"

"Labda tepu yako imezeeka, kaka. Pima tena."

Huku nyuma nikabeba boksi mpaka stoo, kwenye kiota cha Mwenyekiti. Kuku hupewa watoto wa kambo gizani, asipate nafasi ya kukagua. Ilikuwa saa tisa mchana, lakini usiku ukichelewa unaletwa. Nikatwaa kitambaa cheusi cha suti ya mteja, nikakitundika dirishani. Nikapenyeza kifaranga wa kwanza chini ya bawa. Mwenyekiti akaguna. Wa pili, wa tatu. Alipofika wa tisa, akaanza sauti ile ya chini kabisa, ile ya kooni, ambayo sikuisikia tangu mwaka wa nyuma. Nikakaa juu ya gunia.

Mlango ukafunguliwa pwaa! Fundi huyo, tepu shingoni.

"Watoto wangu wako wapi? Na suti ya mtu iko wapi?"

Akakivuta kitambaa, mwanga ukamwagika. Mwenyekiti akainuka, akawatazama waliokuwa chini yake, akadonoa. Kifaranga akapiga kelele. Akadonoa mwingine.

"Nilisema! Nilisema mimi!" Fundi akapiga magoti, anawakusanya kwa mikono miwili. Niliona kuku wangu atarudi kukalia majani, na safari hii hatainuka.

"Kaka, waache kwanza," akasema wifi mlangoni. "Waache nikuambie! Miaka thelathini nimetazama mama na mtoto. Mama anayekataa hashughuliki na miguu."

Tukainama wote watatu. Kweli, Mwenyekiti hakugusa kichwa wala mgongo wa mtu. Alikuwa anavuta ule uzi. Akaukamata mmoja, akauvuta mpaka fundo likateleza, akaumeza. Kisha akamsukuma kwa mdomo yule kifaranga aliyebaki bila uzi, polepole, mpaka ndani ya bawa, akamfunika.

"Fundi," nikasema, "kuku wangu anawatoa watoto minyoo. Minyoo umewafunga wewe."

Akatoa mfukoni mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akawashika mmoja mmoja, kacha, kacha, mara nane. Kila aliyemkatia uzi alimrudisha mwenyewe chini ya bawa. Mwenyekiti akamdonoa kidole mara moja, kwa heshima tu. Mwisho fundi akaokota kile kitambaa cheusi, akakitundika tena dirishani.

"Kisiguse chini," akasema. "Suti ya mtu hiyo."

Asubuhi aliamka kabla yangu. Nikamkuta amechuchumaa nje ya stoo, kofia mkononi. Mwenyekiti alikuwa ameshuka. Ameshuka kitini! Anachakura, anaita ko-ko-ko, anawavunjia watoto chenga za mahindi. Moja kwao, moja kwao, halafu moja akaimeza mwenyewe. Kisha nyingine, na nyingine.

"Amekula," akasema fundi.

"Amekula," nikasema. Nikajifanya moshi umeniingia jichoni, na jiko sijaliwasha.

Akaenda kukaa kwenye cherehani yake. Balbu bado inawaka, inaatamia boksi tupu. Akaliangalia muda mrefu.

"Naona mwenyekiti sasa ni wewe," nikamchokoza.

Akakanyaga cherehani ili asinijibu. Trrrr! Huko uani vifaranga wakanyoosha shingo, tisa wote, mara mbio mpaka ndani, wakaingia chini ya meza yake. Nyuma yao Mwenyekiti, manyoya yamemsimama, anafoka kama mama aliyepigiwa simu na shule. Akawakuta kwenye lundo la vipande vya vitambaa. Akalizunguka mara mbili, akalikalia.

"Mtoe mchawi wako hapa!" fundi akapiga kelele. "Atachafua vitambaa vya watu."

"Mtoe wewe, ni mzazi mwenzako."

Hakumtoa. Akasogeza kiti upande kidogo, akaanza kushona kwa mguu mmoja.