Ushahidi wa Neno Najua

Simu alinipa Mama mwenyewe. Tulikuwa nyumbani Darsait, tumemaliza kula mchana, nami nilikuwa nikieleza tena kazi ninayomfanyia Dakta Rawya chuoni, kwa sababu kwetu hakuna aliyeielewa.

"Wanafalsafa wanabishana, mtu akisema anajua jambo huwa anamaanisha nini," nilisema. "Zamani kila mmoja alijiuliza mwenyewe kichwani mwake. Sisi tunakusanya maneno ya watu wa kawaida, sentensi maelfu kwa maelfu, tuone wao wanalitumiaje neno hilo."

"Na mnalipwa kwa hayo?"

"Kidogo."

"Basi chukua na zangu." Alinisukumia simu mezani. "Zote. Usichague."

Familia nyingi za huku ng'ambo zenye asili ya Unguja zilikuwa zimetupa sauti wanazotumiana kwenye simu. Tuliziandika neno kwa neno, kila jina la mtu tukaweka Fulani, na kila msemaji tukampa nambari. Kisha kompyuta ilipanga kila "najua" kwenye mstari wake, neno lenyewe katikati, na maneno machache mbele na nyuma yake. Dakta Rawya alikuwa na dai lake: watu husema "najua" pale tu wanapokuwa na kitu cha kuegemea, wameona, au wameambiwa na wanayemwamini. Wasipokuwa nacho husema wanadhani, au wanamwachia Mungu.

Mimi nilijua Mama atalipinga dai hilo. Kaka yangu Nasr alichukuliwa mwaka juzi na maji ya wadi, mabonde makavu ya huku yanayofurika ghafla mvua ikinyesha. Alikuwa na gereji mtaa wa Ghala, akaenda kuvuta gari la mteja lililokwama siku ya mvua. Gari lake lilionekana, na viatu vyake ndani. Yeye hakuonekana. Tangu hapo kila aliyekuja kutoa pole Mama alimwambia, "Pole ya nini? Mimi nnajua mwanangu yu hai." Wageni waliweka chini vyombo vya chakula walivyoleta, wakaanza kuzungumzia joto.

Aliyekuwa taabuni zaidi ni Marwa, mke wa Nasr. Mke si mke, mjane si mjane. Baba yake, Mzee Taimur, alishatayarisha maombi ya mahakamani ili Nasr ahukumiwe kuwa amefariki, naye Marwa akae eda na maisha yake yaendelee. Marwa hakukubali kuyapeleka bila ridhaa ya Mama. Kila Ijumaa alikuja kutoka kwao Madinat Sultan Qaboos, akaosha vyombo vyetu, akaondoka. Tukimwangalia tulisema, msichana ana adabu huyu.

Jioni Mama alikuwa akiniuliza, "Umefika kwangu?"

"Bado. Niko kwenye sauti za watu wa mtaa wa Ruwi."

"Wao wanajua nini?"

"Bei ya samaki, Mama."

"Afadhali yao."

Siku nilipofika kwenye sauti zake, Dakta Rawya alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mistari ilijaa kioo cha kompyuta: nnajua Fulani yu hai, nnajua Fulani hajafa.

"Huyu ana ushahidi gani?"

"Hana."

"Basi anatupinga. Mweke, hatufichi kitu." Kidole chake kikashuka. "Na huu?"

Nambari ya msemaji ilikuwa ileile. Mstari ulisema: nnajua hutorudi.

"Mtu mmoja, kauli mbili," alisema. "Rudi kwenye sauti yenyewe. Neno peke yake halitwambii kitu mpaka tujue anamwambia nani."

Nilivaa visikilizio. Ilikuwa imetumwa kwenye simu ya Nasr, ambayo haikuwaka tena tangu siku ile.

"Assalamu alaykum, Nasr," Mama alisema, taratibu, kama aliyekaa kitandani. "Mkeo kaja leo. Kakonda. Nnamkataza kuosha vyombo, hasikii. Nnajua hutorudi, baba. Nlijua walipoleta viatu vyako. Lakini nikilitamka mbele za watu ndo nshakufukia kwa mdomo wangu. Nisamehe. Na yeye anisamehe."

Nilivua visikilizio, nikaviweka juu ya meza.

"Anamwambia nani?" Dakta aliuliza.

"Marehemu." Sikuwahi kumwita Nasr hivyo. "Ni mamangu, Dakta."

Alivuta kiti akakaa karibu nami. "Tutaziondoa kauli zake zote mbili," akasema.

"Alisema nisichague."

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anamenya mbatata. Alinitazama usoni, akaendelea kumenya.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Mimi siwezi kumwambia Marwa. Nkasema wewe utasikia, utanifikishia."

Mimi, ambaye hata dukani humtanguliza mtu mwingine aulize bei. Lakini haikuwa haya iliyonizuia safari hii.

"Nikisema mimi, Mama, yatakuwa mambo ya kompyuta. Hayatakuwa yako."

Kisu kilisimama.

Ijumaa Marwa alipoinama kwenye sinki, Mama aliingia jikoni akamnyang'anya sahani.

"Keti, mwanangu."

Marwa alikaa kwenye kigoda, mikono ikichuruzika maji.

"Nasr kafa," Mama alisema.

Marwa aliniangalia mimi, kisha akamrudia Mama. "Wamempata?"

"Hawajampata."

"Nani kakwambia, basi?"

"Hakuna aliyeniambia. Tangu mwanzo nlikuwa nnajua."

"Lakini ulisema unajua yu hai." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza njia. "Mbele ya kila mtu. Baba alinambia mama mkwe wako amechanganyikiwa, nikamwambia hapana, yule ni mamake, hasemi hivyo bure. Mimi nilikuwa nakutegemea wewe."

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa haikuwa adabu iliyomzuia kwenda mahakamani. Alikuwa anamngoja mumewe.

Mama aliweka sahani chini. Alitaka kusema kuhusu maombi, nadhani, na kuhusu chumba cha Nasr, kwamba eda aikae hapa kwetu. Alifika nusu, "Chumba chake kipo," akashindwa kuendelea. Marwa alikuwa anatikisa kichwa, polepole, bila kumkatalia mtu.

Mama akapiga magoti sakafuni kwenye majimaji, akamkumbatia hapo hapo kigodani. Nilifunga mlango wa jikoni nyuma yangu nikawapigia simu ndugu, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia waje, matanga ni kwetu.