Mguu wa Papa Asumani

Miaka thelathini na moja Asumani alikuwa ameendesha teksi Kisangani bila kugonga hata kuku wa mtu, na jambo hilo alimweleza kila aliyekubali kumsikiliza, hata asipoulizwa. Kisha Ijumaa moja, akirudi kutoka msikitini, alikanyaga mafuta kidogo ili gari lipande kizingiti cha ua wake pale Kabondo. Akainua mguu, na gari halikujali. Lilinguruma, likatoka mbio lenyewe. Alibana breki kwa nguvu zake zote, akazima injini, lakini ukuta wa jiko ulikuwa umeshalala chini. Kigoda ambacho mkewe Malika alikuwa amekalia akichambua majani ya sombe kilikuwa vipande vipande. Malika mwenyewe alikuwa ameinuka punde tu kwenda kuchukua chumvi.

Hakuumia mtu. Majirani walijaa uani, na kabla vumbi halijatulia walikuwa wameshatoa hukumu yao: mzee amekanyaga mafuta akidhani ni breki. Siku ya pili mwanawe Fadhili akafika kutoka Banalia, akasema yaleyale, ila kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi.

“Papa, haiko kosa yako,” alisema. “Ni miaka. Muguu inachanganya.”

Akautia ufunguo wa gari mfukoni. Jumapili ya juma lijalo, alisema, angekuja kulichukua gari likafanye kazi Banalia, na baba apumzike. Asumani, ambaye hubishana hata na redio, hakubisha. Alikuwa ameanza kuuogopa mguu wake wa kulia. Hata akienda chooni aliutazama unavyokanyaga, kana kwamba ni mguu wa mgeni aliyelala kwake bila kujulikana atokako.

Jumatano, Malika alipokwenda sokoni, Asumani aliingia ndani ya gari ili ajipime. Alivua viatu kwanza. Malika hakuruhusu viatu mle, kama asivyoviruhusu chumbani, na mwaka uliopita, magoti ya mumewe yalipomsumbua, alimsukia mkeka wa rafia wa kuwekea miguu, mnene, wenye pindo jekundu. Aliutandika juu ya mpira wa sakafu ya gari kwa mkono wake. Abiria wengi waliusifu, na Asumani akavimba kichwa.

Akakanyaga pedali ya mafuta, akainua mguu. Pedali haikurudi. Aliinama kutazama. Mkeka ulikuwa umesogea mbele kidogo kidogo, na lile pindo nene lilikuwa limeikamata pedali kwa juu. Akajaribu tena, na tena, na kila mara ilikuwa vilevile.

Alicheka peke yake kwa furaha. Mguu ulikuwa mzima, na akili pia. Alikuwa ameshashika mlango ili akawaite wale majirani mmoja mmoja, alipokumbuka kigoda. Akakumbuka Malika akiusuka ule mkeka majuma mawili, vidole vimechanika, akiimba. Angemwambiaje kwamba kazi ile ya mikono yake ndiyo iliyotaka kumuua? Kicheko kikamkauka.

Basi akauchukua mkeka, akauweka kando ya kitanda, akamwambia mkewe kwamba sakafu ina baridi asubuhi. Mji mzima na umwite mzee. Alimpenda mke wake, na hakuna namna nyingine ya kulisema.

Jumapili Fadhili alikuja. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari Malika alipotoka chumbani na mkeka mikononi. Alikuwa akienda kuufua. Aliutandaza juu ya boneti, akaonyesha kwa kidole alama nyeusi kwenye pindo, mistari ya mpira wa pedali, wazi kama imechorwa.

“Rudisha ufunguo kwa papa yako,” alimwambia mwanawe. “Muguu yake haikukosa. Ni mukeka yangu ndiyo ilikamata pedali ya accélérateur.”

Fadhili akaurudisha mkeka mahali pake, akakanyaga, akainua mguu, akatazama. Kisha akatoka, akampa baba yake ufunguo kwa mikono miwili, akimwomba msamaha kwa sauti ndogo.

Malika alikuwa bado anamtazama mumewe. “Papa Fadhili, ulijua. Juu ya nini haukuniambia?”

“Ni mikono yako iliisuka,” Asumani alijibu. “Sikutaka uogope mikono yako.”

Malika alilia palepale mbele ya mtoto wao, akamwita mumewe mwongo, tena mwongo mkubwa, huku amemshika mkono hauachii.

Mchana walikwenda kununua kigoda kipya. Malika aliutandika mkeka wake upande wa abiria, ambako hakuna pedali, akavua viatu, akaweka miguu juu yake. Mguu wa Asumani ulitetemeka kidogo juu ya breki. Malika aliuona, akaweka mkono juu ya goti lake, akangoja mpaka ukatulia. Kisha akamwambia waende.