Kadi Moja Iliyobaki

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Taa ya projekta ilisema "pu!", na ukuta wa darasa ukabaki mweupe pee.

Mzee Funguo, mfagizi wa shule, aliyekuwa mlangoni, hakushangaa. Alikuwa ameripoti taa ile mara tatu, wakubwa wakamjibu, "Tutaona." Ndivyo walivyosema hata mkewe alipougua na hospitali haina dawa. Wakaona mpaka akazikwa.

Mwalimu wa fasihi alikuwa binti yake. Mkuu wa shule, aliyeketi nyuma, alikwisha kuonya: kipindi hiki kikienda mrama, slaidi basi, watoto warudi kukariri.

"Tumekwisha, baba," binti alinong'ona.

"Nani kasema? Slaidi zote ninazo kichwani." Wiki mbili nzima ndiye aliyembonyezea binti kitufe cha projekta alipofanya mazoezi nyumbani. Akavuta ubao wa magurudumu, ule unaopinduka, akashika chaki. "Haya wajukuu, mashine ni mimi. Semeni bonyeza!"

"Bonyezaaa!"

Ubeti wa utenzi wa kale upande huu, swali upande ule. Watoto wakainua kadi za kujibia, kijani au nyekundu, ubao ukapinduka kwiii, wakabishana.

"Mashine imekwama, itieni mafuta!" mmoja akapayuka mzee alipotafuta neno.

"Mafuta kanywe wewe!"

Darasa likavunjika mbavu.

Ikabaki slaidi ya mwisho, ile ambayo nyumbani mzee alimwambia binti kila mara, "Hii ruka, mama." Mume kamwacha mkewe mgonjwa, kaenda mbali kutafuta dawa, anarudi, mke keshafariki. Angebaki? Kadi ya kijani. Alifanya vyema kwenda? Nyekundu.

"Bonyeza!"

Akaandika yote, hakuruka neno. Kijani kumi na tisa, nyekundu kumi na nane.

Mkuu akasimama, ukuu wote umemtoka, kadi nyekundu juu. "Angebaki afanye nini, bila dawa?"

"Amshike mkono, mwalimu!" msichana wa mbele akamjibu.

"Sare! Kumi na tisa kwa kumi na tisa!" watoto wakapiga kelele. Kengele ikalia, hakutoka mtu.

"Slaidi ziendelee," mkuu akasema akicheka. "Na taa nitanunua."

"Tutaona," Mzee Funguo akajibu, na mkuu mwenyewe akacheka zaidi.

Msichana wa mbele akamnyooshea mzee kadi mbili.

"Babu, bado wewe. Angebaki, au alifanya vyema kwenda?"