Kivuli cha Walimu Wawili

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, mwalimu wa Kiingereza na wifi yake waliinamia daftari la mahudhurio wakatia sahihi moja. Yeye alianza, wifi akamalizia. Nafasi yao ya kazi ilikuwa moja, iliyogawanywa kati yao miaka tisa iliyopita "kwa muda tu", na muda wa ofisini una maisha marefu. Walikalia kiti kimoja kwa zamu.

Jumanne moja, wakivuka uwanja, waliona wamebakiwa na kivuli kimoja. Kilimfuata wifi.

"Kaa nacho leo," alisema mwalimu. "Mimi vipindi vyangu ni vya ndani."

"Kesho nakuletea, wifi yangu."

Darasani, msichana wa dawati la mbele aliandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba mama na shangazi wako jikoni. Akaweka "is".

"Mama na shangazi ni wangapi?" aliuliza mwalimu.

"Wawili, mwalimu."

"Au mmoja kammeza mwenzake?"

Darasa likaangua kicheko. Msichana akafuta, akaandika "are". Kipindi kilipokwisha, mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu kudai barua yake ya ajira. Aliitamani barua hiyo hadi kuiota: karatasi yenye jina lake peke yake.

Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, akamwona wifi akikatiza uwanja na kivuli chake.

"Kivuli chenyewe ni kimoja. Nikuombee nafasi ya pili kwa ushahidi gani?"

"Lakini tuko wawili, mkuu. Hata watoto wanalijua hilo."

"Hicho ni Kiingereza, mwalimu. Hii ni ofisi."

Wiki iliyofuata wifi alishikwa na homa siku ya zamu yake ya kukaa na kivuli, nacho kikabaki naye kitandani. Mwalimu alifundisha vipindi vyake na vya wifi, saba mfululizo, hadi sauti ikamkauka. Mwalimu mkuu alipita madarasani, akamsalimia vizuri, akamwombea mgonjwa nafuu. Kisha akafungua daftari, akaandika kuwa mwalimu wa Kiingereza hakufika.

Mwalimu aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama kando yake, mikono imejaa chaki. Yalimuuma sana. Aliuliza kama kesho aje.

"Uje bila kukosa," alisema mwalimu mkuu. "Unajua hatuna mwalimu mwingine."